Jaji Mkuu Francis Lucas Nyalali (1935–2003): Mtumishi wa Haki katika Mahakama ya Rufani

Historia ya usharika huandikwa kwanza kwa majina ya waliohubiri, waliobatiza na waliojenga. Ndivyo inavyostahili. Hata hivyo, Wakristo wa Kisondela, kama majirani zao wote wa Wilaya ya Rungwe, wameishi miaka hii mia wakiwa pia chini ya sheria. Wamerithi mashamba, wamefunga ndoa, wamegombania mipaka, wamezika wazazi na kugawana walichoacha. Pale mazungumzo ya ukoo na ya wazee wa kanisa yalipofikia mwisho wake, wengi wao wameshuka Tukuyu kwenda mahakamani, na wachache wameendelea hadi Mbeya kukata rufani.

Kwa sababu hiyo kurasa hizi zinatoa nafasi kwa maisha ya marehemu Jaji Mkuu Francis Lucas Nyalali. Hakuzaliwa Rungwe, wala hakuwa mtumishi wa usharika huu. Anakumbukwa hapa kwa kuwa hukumu alizoziandika zinalinda shamba la migomba na nyumba ya ndoa ya mwananchi wa Kisondela kama zinavyolinda mali ya tajiri wa mjini. Ni watu wachache wa kizazi chake ambao kazi yao imeingia majumbani mwa watu kwa kina hicho, na ni wachache zaidi walioifanya kimya kimya kama yeye.

Kuzaliwa na elimu

Francis Lucas Nyalali alizaliwa tarehe 3 Februari 1935 katika nchi ya Wasukuma, kusini mwa Ziwa Viktoria. Tanganyika wakati huo ilitawaliwa na Waingereza, na mahakama zake zilikuwa za namna mbili. Mwafrika alishtakiwa na kusikilizwa katika mabaraza ya machifu na watawala wa wenyeji, na Mzungu alikuwa na mahakama za kwake zenye mahakimu na majaji kutoka ng'ambo. Watu wa Rungwe walikuwa wakiufahamu vema mpangilio huo. Tangu Wajerumani walipojenga boma lao Tukuyu, na baadaye Waingereza walipolirithi, sheria ilionekana kuwa kitu cha boma: kitu kinachotoka juu kwa mtawala, kwa lugha isiyoeleweka, na kwa maamuzi ambayo mtu mdogo hakuwa na pa kuyapinga.

Kijana Nyalali alikuwa miongoni mwa Watanganyika wachache wa wakati wake waliopata nafasi ya kusoma Makerere, Uganda, ambacho kilikuwa chuo kikuu pekee cha Afrika Mashariki nzima kwa miaka mingi. Kutoka huko alikwenda Uingereza kujifunza sheria, akawa mwanachama wa Lincoln's Inn, mojawapo ya vyama vya kale vya mawakili wa London. Aliporejea, nchi ilikwisha kuwa huru, lakini karibu viti vyote vya ujaji vilikuwa bado vimekaliwa na wageni. Jaji Mkuu kuanzia mwaka 1965 hadi 1971 alikuwa Telford Georges, mtu wa visiwa vya Karibi. Mtanzania wa kwanza kukikalia kiti hicho alikuwa Augustine Saidi, mwaka 1971.

Kazi ya uhakimu

Nyalali aliingia katika utumishi wa mahakama akiwa hakimu, katika miaka ambayo mahakama zilikuwa zikijengwa upya. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilikuwa imefuta ule utengano wa kikoloni, ikaweka ngazi moja kwa watu wa rangi zote: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Mabaraza ya machifu yalikwisha. Ngazi ilikuwepo katika maandishi, lakini ilihitaji watu wa kuisimamia. Hakimu kijana wa miaka ile alisafiri umbali mrefu, alisikiliza mashauri ya ng'ombe, mashamba na matusi, na aliandika hukumu kwa mkono katika majengo yaliyovuja. Aliyepita katika kazi hiyo hakuweza kusahau kwamba kwa wananchi wengi mahakama ni ile ya Mwanzo, na kwamba wengi wao hawatamwona jaji maishani mwao.

Baadaye aliongoza Mahakama ya Kudumu ya Kazi, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1967 ili kusuluhisha migogoro kati ya waajiri na wafanyakazi. Ilikuwa kazi nyeti. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikuwa umewapa wafanyakazi ujasiri wa kuwahoji wakuu wao, na migomo ilizuka katika viwanda kadhaa. Mtu aliyekaa kati ya pande mbili zenye hasira alihitaji kusikiliza kuliko kusema. Mwaka 1974 aliteuliwa kuwa Jaji wa Mahakama Kuu, na mwaka 1977 Rais Julius Nyerere alimteua kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Alikuwa na umri wa miaka 42.

Kuzaliwa kwa Mahakama ya Rufani

Mwaka huo wa 1977 ndio uliovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Watu wengi wanakumbuka mgawanyo wa treni, ndege na posta, lakini jumuiya ile ilikuwa pia na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yalikuwa Nairobi. Mtanzania ambaye hakuridhika na uamuzi wa Mahakama Kuu alikata rufani huko. Jumuiya ilipokufa, nchi ikabaki bila mahakama ya juu ya rufani. Mwaka 1979 Bunge lilibadili Katiba na kuunda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iwe ya mwisho kwa pande zote mbili za Muungano, isipokuwa kwa mambo machache ya Zanzibar kama vile Katiba ya Zanzibar na mashauri yanayoanzia katika mahakama za makadhi. Jaji Mkuu Nyalali akawa kiongozi wake wa kwanza.

Katika miaka ya mwanzo waliketi pamoja naye majaji kama Mustafa, Mwakasendo, Kisanga na Makame. Msomaji wa Rungwe ataona mara moja jina mojawapo linalofanana na majina ya nyumbani. Mahakama hiyo haikukaa Dar es Salaam tu. Ilikuwa na vikao vya kusafiri, na Mbeya ni mojawapo ya miji inakoketi, ili mtu wa nyanda za juu kusini asilazimike kuvuka nchi nzima kutafuta neno la mwisho juu ya shauri lake.

Kazi ya mahakama ya rufani ni tofauti na ile ya hakimu wa kwanza. Kwa kawaida haiwaiti mashahidi upya. Majaji watatu au zaidi husoma mwenendo wa shauri, husikiliza hoja, kisha huamua kama sheria ilifuatwa. Uamuzi wao hauishii kwa wagombanao. Kila hakimu wa nchi, hata wa Mahakama ya Mwanzo kijijini, anapaswa kuufuata katika mashauri yanayofanana. Hapo ndipo uzito wa kalamu ya Nyalali ulipolala, na hukumu mbili zinatosha kuuonyesha.

Kazi ya mama wa nyumbani

Ya kwanza ni ya mwaka 1983, katika rufani ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mke na mume walikuwa wameachana, na mke alidai sehemu ya nyumba iliyopatikana wakati wa ndoa. Mume ndiye aliyekuwa na mshahara. Mke alikuwa mama wa nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, ikizingatia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Swali lilikuwa moja: je, kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni mchango? Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema hizo ni kazi ambazo mke anazifanya kwa wajibu wake, hazihesabiwi.

Jaji Mkuu Nyalali, akiandika kwa niaba ya wenzake, aliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango halali. Mume anayekwenda kazini akiwa ameshiba, amevaa nguo safi na hana hofu juu ya watoto wake, hazalishi peke yake. Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu katika nyumba ile, kwa kuwa mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara naye akazitapanya, hivyo akahesabiwa kuwa amekwisha kupokea haki yake. Alishindwa, lakini kanuni iliyotokana na shauri lake ilibaki, na maelfu ya wanawake wasiomjua wamesimama juu yake tangu wakati huo.

Kwa Kisondela jambo hili halihitaji maelezo marefu. Ni nani asiyejua ni mikono ya nani inayopalilia migomba, inayochuma chai na kahawa, inayobeba ndizi hadi sokoni? Kwa vizazi vingi shamba liliitwa la baba, na mama aliyeachika alirudi kwao na nguo zake. Wazee wa usharika waliokaa katika usuluhishi wa ndoa wanafahamu uchungu wa mashauri hayo. Sheria ya Ndoa inataka ugomvi wa wanandoa upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kufika mahakamani. Baada ya mwaka 1983 msuluhishi anayejua sheria hawezi tena kumwambia mwanamke kwamba miaka yake 20 ya jasho si kitu.

Ardhi ya mila ni mali

Hukumu ya pili ni ya Desemba 1994. Baba na mwana, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, wakulima wa kijiji cha Kambi ya Simba, Mbulumbulu, mkoani Arusha, walikuwa wamepoteza ardhi yao ya mila wakati wa kuundwa kwa vijiji katika miaka ya 1970. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1987 walishinda na kurudishiwa. Kisha mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria iliyofuta haki za mila katika vijiji vilivyoanzishwa, ikazuia mahakama kusikiliza madai hayo, na kukataza kutekelezwa kwa hukumu zilizokwisha kutolewa. Kwa maneno mengine, ushindi wao ulifutwa kwa kalamu. Walipinga katika Mahakama Kuu ya Arusha, wakashinda, na Serikali ikakata rufani.

Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba mwenye ardhi kwa mila hana mali yoyote, kwa kuwa ardhi yote ni ya umma. Nyalali na wenzake hawakukubali. Katika hukumu aliyoiandika, alieleza kwamba haki ya kuitumia ardhi kwa mila ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Akaongeza jambo kubwa zaidi: fidia haihusu mazao na majengo tu. Mtu aliyefyeka na kulima ameitia ardhi thamani kwa nguvu zake, hata kama siku ile hakuna mmea juu yake. Katika kujenga hoja hiyo alirejea fikra za Mwalimu Nyerere mwenyewe za mwaka 1958 kuhusu jasho la binadamu na ardhi. Alikataa pia kwamba Bunge linaweza kufunga mlango wa mahakama kwa raia mwenye malalamiko. Sehemu nyingine za hukumu ya Mahakama Kuu hazikukubaliwa, lakini vifungu vya kunyang'anya haki bila fidia na vya kuzuia mahakama vilianguka.

Rungwe ni nchi ya udongo mzito na mvua nyingi, na watu wake ni wengi kuliko mashamba. Kiwanja cha mgomba alichokipata babu ndicho urithi ambao familia nyingi wanao, na mara nyingi hakina hati yoyote zaidi ya mpaka unaojulikana na majirani. Lau mahakama ingekubali kwamba ardhi ya namna hiyo si mali, sehemu kubwa ya wananchi wa Tanzania wangekuwa wageni katika mashamba yao. Miaka mitano baadaye Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 ziliweka haki ya kimila katika hadhi sawa na haki iliyotolewa kwa hati.

Haki za binadamu na mfumo wa vyama vingi

Kwa miaka mingi ya ujaji wake, Katiba ya nchi haikuwa na sura ya haki za binadamu. Iliingizwa mwaka 1984, lakini Serikali ikaomba muda wa miaka mitatu kurekebisha sheria, hivyo hadi Machi 1988 raia hakuweza kuitumia mahakamani. Baada ya hapo mashauri yalianza. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza shamba alilorithi sawa na mwanamume. Ni Jaji Mwalusanya huyo huyo aliyempa dhamana mshtakiwa Daudi Pete, ingawa sheria iliikataza kabisa kwa aina ya kosa aliloshtakiwa nalo. Rufani ya Serikali ilipofika kwa Nyalali mwaka 1991, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kifungu kile kilikuwa kipana mno na kilikwenda kinyume cha Katiba. Wakati huo huo ilifundisha kwamba Katiba ya Tanzania inaweka haki na wajibu katika mizani moja. Mtu hadai haki kana kwamba anaishi peke yake.

Mwezi Februari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alimkabidhi kazi ambayo ndiyo iliyolifanya jina lake lijulikane hadi vijijini. Aliongoza Tume ya kukusanya maoni ya wananchi juu ya chama kimoja au vyama vingi, yenye wajumbe kutoka pande zote mbili za Muungano. Tume ilizunguka mikoani na kusikiliza watu 36,299. Asilimia 77.2 walitaka nchi iendelee na chama kimoja. Pamoja na hayo, Tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, kwa kuwa wachache wasio na chombo cha kusemea wana haki pia, na kwa kuwa wengi kati ya waliotaka chama kimoja walitaka pia mabadiliko makubwa. Ushauri huo ulipokelewa, na vyama vingi vikaruhusiwa kuanzia Julai 1992.

Si kila alichoshauri kilikubaliwa. Tume ilipendekeza Muungano wa serikali tatu, Serikali ilikataa. Ilitaja sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa kwa kuwa zilikandamiza, miongoni mwao ile ya kuwaweka watu kizuizini bila kushtakiwa. Nyingi kati yake zilikaa miaka mingi bila kuguswa. Nyalali hakugombana hadharani. Aliyaacha maandishi yaseme, akarudi katika kiti chake cha ujaji.

Kuijenga nyumba ya mahakama

Alijua kwamba hukumu nzuri kutoka juu haifai kitu ikiwa hakimu wa chini anapokea rushwa. Mwezi Machi 1984, katika mkutano wa majaji na mahakimu uliofanyika Arusha, Tanzania ilipata kanuni za maadili ya maofisa wa mahakama, jambo ambalo nchi nyingi hazikuwa nalo wakati huo. Katika miaka ya mwisho ya uongozi wake kilianzishwa Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kwa ajili ya mafunzo ya watumishi wa mahakama, na mwaka 1999 Mahakama Kuu ilipata Kitengo cha Biashara. Mwaka 2000 alikuwa mmoja wa majaji wakuu wachache waliokutana Vienna kwa wito wa Umoja wa Mataifa kutafakari namna ya kuimarisha uadilifu wa majaji. Kazi iliyoanza hapo ndiyo iliyozaa Kanuni za Bangalore, ambazo mahakama nyingi duniani zinazifuata.

Alistaafu mwaka huo wa 2000, baada ya kuwa Jaji Mkuu kwa miaka 23 chini ya marais watatu: Nyerere, Mwinyi na Mkapa. Hakuna Jaji Mkuu wa Tanzania aliyekaa muda mrefu kama yeye. Nafasi yake ilichukuliwa na Jaji Barnabas Samatta. Alifariki dunia tarehe 2 Aprili 2003, akiwa na umri wa miaka 68.

Alichoacha

Nyalali hakuongoza jeshi wala chama. Alikuwa na karatasi, kalamu, wenzake wawili au wanne mezani, na subira. Alifanya kazi katika miaka ambayo serikali ilikuwa na nguvu nyingi na mahakama fedha kidogo, na si kila shauri lilikwenda kama wanyonge walivyotumaini. Lakini alipoondoka, mama wa nyumbani alikuwa na mchango unaohesabika, mkulima wa shamba la mila alikuwa na mali inayolindwa, na aliyefungiwa mlango wa mahakama alikuwa na hoja ya kuufungua.

Usharika unaoingia katika miaka mia yake ya pili utaendelea kuwa na wazee wanaoketi kusuluhisha wanandoa, ndugu na majirani. Wengi wao hawatafungua kitabu cha sheria. Inatosha wakumbuke kwamba aliyeketi katika kiti cha juu kuliko vyote vya hukumu nchini alikubali kuhesabu kazi ya mikono isiyolipwa, na jasho lililomwagika katika ardhi isiyo na hati. Mezani pa baraza la wazee wa Kisondela mambo hayo mawili hufika karibu kila mwaka.